Ukuta wa mawe Mji Mkongwe unatoa chumvi: nirudie plasta ya simenti au nipige chokaa?

binti_malindi

Assalamu alaykum. Naomba ushauri wa wanaozijua nyumba za zamani. Ni chumba cha chini, Mji Mkongwe, ukuta wa mawe na chokaa wenye unene wa nusu mita na zaidi. Upande wa njiani una urefu wa mita 6. Ulishapigwa plasta ya simenti kutoka sakafuni hadi kimo cha mita moja hivi, juu yake rangi ya mafuta. Sasa rangi inavimba na kubanduka, unga mweupe unatoka, na plasta ukiigonga inalia kama debe tupu. Cha ajabu, unyevu umepanda juu ya ile simenti, mahali palipokuwa pakavu siku zote.

Fundi mmoja anataka abandue apige simenti mpya yenye dawa ya kuzuia maji, kisha vigae. Mwingine anasema chokaa tupu. Moyo wangu uko kwa huyu wa pili, maana sitaki kemikali ndani wala kazi ya kurudiwa kila baada ya mvua. Lakini vipimo sivijui, na dukani kuna mifuko ya chokaa ya kila namna. Nihitaji mifuko mingapi? Na je, nisubiri ukuta ukauke kwanza?

---

mwashi_wa_pwani

Waalaykumu salaam dada. Hicho unachokiita cha ajabu ndicho kinachokueleza ugonjwa. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini, na maji hayo hubeba chumvi. Ukuta ukiwa na chokaa, maji yanatoka kama mvuke karibu na sakafu na mambo yanaishia hapo. Ukiuziba kwa simenti, maji hayarudi chini. Yanapanda mpaka yapate pa kutokea, yaani juu ya simenti. Chumvi inaganda nyuma ya rangi, inatanuka, inasukuma. Vigae vitaongeza kimo cha unyevu tu.

Kabla ya kununua chochote, tafuta maji yanatoka wapi. Angalia bomba la mvua lililopasuka, maji ya kiyoyozi yanayodondokea ukutani, choo au bafu la jirani, na sakafu ya simenti iliyomwagwa nje ikabana ukuta. Kama hiyo ya mwisho ipo, omba ikatwe kiasi cha upana wa kiganja kando ya ukuta na pajazwe kokoto. Kwa kazi yoyote ya upande wa nje, ulizia kibali kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe kwanza.

Kubandua: tindo na nyundo nyepesi, ukishika tindo kwa mshazari. Mashine ya kutoboa iache, inang'oa mawe na kutikisa ncha za boriti. Bandua hadi sentimita 30 hivi juu ya mstari wa unyevu. Kwako weka mita 1.5. Chokonoa viungo vilivyolegea kwa kina cha sentimita 2. Chumvi ipigwe brashi IKIWA KAVU, ikusanywe na kutupwa. Ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ndani ya jiwe.

Chokaa: nunua chokaa ya ujenzi iliyozimwa, yaani iliyochomwa kisha ikatiwa maji, unga mweupe laini. Chokaa ya kilimo mara nyingi ni jiwe lililosagwa tu, haishiki hata ukiisubiri mwaka. Na mfuko uliokaa dukani umefunguka nao umekwisha nguvu, kwa sababu umeshavuta hewa. Jaribu hivi: kijiko cha unga, matone ya siki. Ikitoa povu kwa nguvu, iache. Chokaa nzuri haitoi povu la maana.

Tia maji kwenye pipa kwanza, kisha mwaga unga polepole huku ukikoroga, mpaka upate uji mzito unaosimama kwenye mwiko. Ufunike kwa maji ya vidole viwili na uache angalau siku moja. Wiki mbili ni bora zaidi. Mfuko wa kilo 25 unatoa karibu lita 40 za uji, yaani ndoo mbili za lita 20.

Mchanga uwe mkali, wenye punje ndogo na kubwa zilizochanganyika hadi milimita 3 au 4. Wa pwani usiuguse, ni chumvi tena. Tia mchanga nusu chupa, jaza maji, tikisa, acha hadi kesho yake: tope la juu likizidi sehemu moja kwa kumi na mbili, tafuta mchanga mwingine au uoshe huo.

Hesabu yako: mita 6 kwa 1.5 ni mita za mraba 9. Unene wa sentimita 2 kwa jumla, ongeza theluthi moja kwa mashimo ya ukuta, unapata kama lita 240. Kipimo ni uji 1 kwa mchanga 3, na uji unaingia kwenye nafasi za mchanga bila kuongeza ujazo. Kwa hiyo mchanga ndoo 12, uji ndoo 4, ambazo ni mifuko miwili. Nunua mitatu, wa tatu utautumia kupaka.

---

mkomani_juu

Naunga mkono, ila nyongeza kutoka Lamu. Chokaa tupu inashika kwa kuvuta hewa, na ukuta uliolowa sana hauipi nafasi: sehemu ya chini inabaki laini kwa miezi. Hapo ongeza unga wa tofali za kuchoma, zile zilizoiva kwa moto mdogo, nyekundu-machungwa. Zile nyeusi zilizoungua hazifai. Saga, chekecha kwa chekeche laini, tumia uji 1, mchanga 2 na nusu, unga wa tofali nusu. Unashikana na chokaa hata pakiwa na maji, na bado ukuta unapumua. Vipande vya tofali zilizovunjika huwa vimelala bure kila eneo la ujenzi, kwa hiyo hununui kitu.

Plasta ya zamani ya chokaa inayotoka sehemu kavu ya juu nayo usitupe. Iponde, ichekeche, itumie badala ya robo ya mchanga. Ya chini yenye chumvi, tupa.

Kuhusu kuchoma chokaa: ile ya tanuu za kuni inakula mikoko na minazi mingi, na mengine ya mawe yake ni matumbawe yaliyovunjwa baharini yakiwa hai. Jiwe la kuchimbwa nchi kavu ni jambo jingine, ule ni mwamba mkongwe. Muulize muuzaji jiwe limetoka wapi. Asipojua, chukua ya mfuko ya kiwandani.

---

binti_malindi

Nashukuru sana. Bado: nisubiri ukauke? Na fundi anauliza kama aweke "simenti kidogo tu" ishike haraka.

---

mwashi_wa_pwani

Simenti kidogo, hapana. Kiasi kidogo hakitoshi kuipa nguvu, ila kinatosha kuziba vitundu na kuleta chumvi yake mwenyewe. Fundi mwenye haraka mpe unga wa tofali wa mkomani_juu.

Kusubiri: uache wazi wiki nne hadi sita, madirisha wazi, ukipiga brashi kavu kila wiki maana chumvi itaendelea kutoka. Ukuta mnene namna hiyo hautakauka wote, usiusubiri. Unachotafuta ni uso wa mawe kuwa mweupe na mkavu.

Siku ya kazi nyunyiza maji ukuta, ung'ae kidogo kisha mng'ao upotee, ndipo uanze. Mashimo makubwa yajazwe kwanza kwa mchanganyiko na vipande vya mawe, yaachwe siku kadhaa. Tabaka la kwanza LIRUSHWE kwa mwiko. Ukilipaka kwa kusukuma linaacha hewa nyuma yake. Unene milimita 10, lisizidi 12, kisha likwaruzwe mistari ya kukatana. Tabaka la pili liingie pale kidole gumba kisipoacha alama lakini ukucha bado unakwaruza. Kwa kawaida ni kama wiki moja, na karibu na sakafu huchukua zaidi.

Nyufa nyembamba zikitokea siku ya kwanza au ya pili, sugua tena kwa ubao ukinyunyiza maji, zinafunga. Zikirudi, mchanganyiko una maji mengi au mchanga ni laini mno. Plasta ikiwa unga unga mkononi, imekauka kabla ya kushika: ilipigwa jua au upepo. Tundika magunia yaliyolowa mbele yake, yasiiguse, na nyunyizia asubuhi na jioni kwa siku 7 hivi. Usiwashe feni. Acha nafasi ya sentimita 1 au 2 kati ya plasta na sakafu, isinyonye maji ya kupigia deki.

Glavu na miwani ni lazima. Chokaa ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi papo hapo, kisha hospitali. Kama utaletewa chokaa ambayo haijazimwa, mpe mzoefu aizime: inachemka na kuruka. Chokaa ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe si maji juu ya chokaa.

---

rangi_za_asili

Nami nitie la kupaka, maana hapa ndipo kazi nzuri huharibiwa na kopo moja la rangi ya plastiki.

Subiri wiki nne baada ya plasta. Uji 1 kwa maji 3, chuja kwa kitambaa. Ukichovya kidole, ngozi ionekane kupitia chokaa. Lowesha ukuta, paka kwa brashi pana ukikatanisha mipigo ya brashi. Tabaka la kwanza likiwa bichi halionekani, na wengi hushtuka hapo wakaongeza unene. Likikauka linapasuka na kubanduka. Paka manne au matano membamba, siku moja kati ya kila mawili. Ukitaka rangi, tumia unga wa madini, ulowekwe usiku kucha kabla ya kuchanganya, usizidi sehemu moja kwa kumi ya uzito wa chokaa. Jaribu pembeni kwanza kwani ikikauka inapauka sana, na changanya ya tabaka zote kwa mkupuo mmoja, vinginevyo hutaipata rangi ile ile tena.

Wengine hutia chumvi ya mezani ili ishike. Kwenye ukuta huu, dada, hapana.

---

mkomani_juu

Na miaka ya mwanzo utegemee unga mweupe kidogo chini kila baada ya masika. Piga brashi kavu, paka mkono mmoja wa chokaa. Sehemu ikilegea kabisa, bandua kipande hicho tu na ukizibe kwa mchanganyiko ule ule. Uji uliobaki ufunike kwa maji na mfuniko, hauharibiki.