Mliosoma masta ya hisabati nje mkarudi Kigoma na Tabora, tupeane uzoefu

Mtoto wa Katubuka
Jana dogo mmoja wa Mwanga kanionyesha barua yake ya kukubaliwa AIMS Kigali, taasisi ya Afrika ya masta ya hisabati. Nikakumbuka mwaka wangu pale, moyo ukanienda mbio. Skolashipu inalipa kweli: ada, chakula, malazi. Ila hawa wadogo zetu hakuna anayewaambia kinachowasubiri darasani. Kozi moja wiki tatu tu. Mhadhiri anatoka Ulaya au Marekani, anafundisha, anasahihisha, anapanda ndege. Lafudhi yake ikianza kukuingia, ameshaondoka, na mwingine anasimama ubaoni. Mliopita huko, mwageni mambo.

Isevya Kwetu
Mkuu, umenigusa. Mimi nilikuwa Muizenberg, Afrika Kusini, kituo mama cha AIMS, kile alichoanzisha Neil Turok mwaka 2003. Chuo nilitoka na GPA nzuri, kalkulasi watu walikuwa wanakuja kuniuliza mimi. Kufika kule, asaimenti ya kwanza ya analisisi, yaani kalkulasi ya kuthibitisha: thibitisha kwamba x kipeo cha pili ni kontinyuasi (grafu haikatiki) kwenye namba halisi zote, lakini si yunifomu kontinyuasi. Nikakodoa macho. Miaka yote niliambiwa "tafuta", leo naambiwa "thibitisha"! Saa nane usiku karatasi bado nyeupe, nje upepo wa bahari unapiga madirisha.

Aliyeniokoa ni Mkameruni mmoja. Akasema: kila mtu ana mama, lakini hakuna mama mmoja wa watu wote. Kontinyuasi ya kawaida, kila x inapewa delta yake, yaani umbali mdogo ambao x inaruhusiwa kusogea ili jibu lisiruke kupita kiwango ulichopangiwa. Ya yunifomu, delta moja lazima itoshe x zote. Akanichorea grafu: x ikizidi kukua, mstari unazidi kusimama wima, kwa hiyo delta iliyotosha kwenye 1 inakwama ukifika 1000. Nikaandika uthibitisho wote bila kuinua kalamu. Mpaka leo nafundisha hivyo hivyo.

Kibirizi Beach
Delta! Usiku wangu wote wa masta uliishia hapo.

Migebuka Mikavu
Analisisi mnaikuza bure. Kinachoua watu ni kompyuta. Unakuta wenzako wanaandika LaTeX, programu ya kuchapa hesabu, kama wanachati, wewe chuoni kompyuta moja mlikuwa watu sita. Dogo ajifunze Python, lugha ya kuandikia programu, kabla hajapanda basi.

Isevya Kwetu
Usimpotoshe mtoto wa watu. Python utaipata ndani ya kozi, wanaanza nayo mwanzo kabisa. Kuthibitisha hakuna wa kukumezesha.

Migebuka Mikavu
Wewe ni wa pyua, hisabati ya nadharia tupu, ndiyo maana. Sisi wa modeli za magonjwa milinganyo haisolviki kwa mkono. Bila programu ya kompyuta unampa supavaiza nini, dua?

Binti Heru
Samahanini naingilia. Mmefika darasani haraka, mimi nilikwama kabla ya kutoka Kigoma.

Barua ya kukubaliwa ninayo, nikaenda ofisi moja kuomba pasipoti. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, vyeti vya shule toka la saba, vyote mkononi. Mtu wa dirishani hakuangalia hata GPA. Kaangalia jina langu, kauliza: babu yako kazaliwa wapi? Nikamwambia Kasulu. Akasema lete ushahidi. Babu kafa zamani, nani alimwandikia cheti? Nikaleta kiapo, akasema hakitoshi. Nikaleta barua ya mtendaji, akasema rudi wiki ijayo. Siku za kuripoti chuo zinakaribia, nalala sipati usingizi, naota niko benchi lile lile.

Mwishowe baba akamleta bibi kutoka kijijini, na fimbo yake. Akaulizwa: bibi, wewe ni wa wapi? Akamtazama yule kijana, akamjibu kwa Kiha kwanza, kisha Kiswahili: "Mimi nimecheza ngoma mbele ya Mwami Theresa Ntare pale Heru. Wewe mwanangu, ulikuwa wapi?" Huyo alikuwa mtawala wa Waha wa Heru, kule Kasulu. Ofisi nzima kimya. Mzee mmoja wa meza ya nyuma akainuka, akamsalimia shikamoo, akachukua faili langu mwenyewe. Pasipoti ikatoka. Bibi hajui x wala y, lakini masta yangu ni ya kwake.

Kibirizi Beach
Nimelia. Mpe bibi shikamoo yangu.

Mzee wa Reli
Pole binti. Ila tuwe wakweli, hapa ni mpakani na Burundi, lazima wakague.

Binti Heru
Shikamoo mzee. Kukagua sawa. Kumzungusha mtu mwenye kila karatasi mpaka akose chuo, hiyo si sawa, na haijawahi kuwa sawa.

Migebuka Mikavu
Wa Tabora mbona hawaulizwi babu zao?

Isevya Kwetu
Sisi babu zetu tunawajua kwa miembe waliyopanda.

Mtoto wa Katubuka
Jamani turudi kwa dogo. Dogo, pasipoti anza leo, usisubiri. Na kuomba AIMS hakuna ada, anayekudai hela "ya fomu" ni tapeli. Basi lipo la Kasulu, Kibondo, Nyakanazi mpaka Rusumo, unavuka. Ukifika rudisha saa yako nyuma saa moja, Kigali si saa zetu.

Mama Wawili Ujiji
Mwanangu yuko MathMods, masta ya Ulaya ya modeli za hisabati, muhula wa kwanza L'Aquila, Italia, kisha Hamburg. Anasema baridi ya milimani pale ni kali kuliko mitihani. Nunueni koti la mtumba hapa hapa.

Kibirizi Beach
Mama, koti la hapa halitoshi kule. Abebe hela.

Isevya Kwetu
Abebe asali ya Tabora.

Form Six Milambo
Shikamooni. Mimi nasoma EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati), siyo PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati). Digrii ya hisabati naweza kuchukua nije huko kwenu?

Mtoto wa Katubuka
Marahaba. Mimi mwenyewe nilikuwa EGM. Hesabu ya advansi ni ile ile, ipige A.

Migebuka Mikavu
Na Python.