Vercelli ni wapi hasa, na nibebe nini?

Mpishi_wa_Mayungu
Asalaam aleikum wana Malindi. Mimi ni mpishi, mwaka wa kumi na moja huu niko jikoni za Wataliano huku Casuarina. Bibi mmoja mzee ninayempikia kila Januari amenialika kwao, Mei hadi Julai, nikamsaidie kwenye nyumba yake ya wageni. Asema ni mkoa wa Vercelli. Wageni wetu niliowazoea ni wa Milano, Torino, Brescia. Huko kwake sijapata kupasikia. Nikimuuliza kuna nini, hucheka tu: "Acqua, riso, zanzare." Maji, mchele, mbu. Sasa hivyo si ninavyo hapa hapa? Garsen, kwenye mpunga wa Tana, ni nauli ya matatu tu! Kuna aliyefika? Baridi ikoje, Mwislamu atakula nini, na Kitaliano changu cha ufukweni kitanifikisha?

MamaShela
Waaleikum salaam mwanangu. Bibi hakukudanganya. Nimekaa huko miaka sita, kijijini karibu na Trino, mume wangu akifanya kazi ghalani.

Kwanza nenda kasome mfuko wa mchele wako wa risoto, ule wali wao mzito wa kukoroga. Umeandikwa Arborio? Basi hicho ni kijiji, kiko mkoa huo huo wa Vercelli, na ukipiga chafya garini umeshakipita. Miaka kumi na moja wakoroga kijiji cha watu sufuriani.

Mkoa uko jimbo la Piemonte, kaskazini magharibi mwa Italia, kati ya Torino na Milano, treni kila upande kama saa moja. Watu wote hawatimii laki mbili. Kusini ni tambarare hadi mto Po. Kaskazini wafuata bonde la Sesia ukipanda mpaka Monte Rosa. Huko juu, upande wa Alagna, wana kibanda cha wapanda mlima, Capanna Margherita, mita 4,554, na hujigamba kwamba hakuna jengo Ulaya lililo juu kuliko hilo. Nikawaambia kwetu kilele cha Lenana, Mlima Kenya, ni mita 4,985 na watu huenda kwa miguu yao. Kahawa ikanywewa kimya siku hiyo.

Lakini Vercelli yenyewe ni majaruba. Ukifika Mei utayakuta mengi yamejaa maji, tuta kwa tuta, macho yako yote. Asubuhi ikiwa safi, Monte Rosa na theluji yake iko ndani ya maji, kichwa chini. Wenyewe huita bahari ya miraba. Mie niliyezaliwa nikiisikia bahari ya kweli nilicheka, hadi siku niliposimama tutani peke yangu nikanyamaza. Na maji yale si ya kunywesha mpunga tu. Usiku wa huko bado una ubaridi, nayo huweka joto la mchana, mche usidhurike. Mengi huja kwa mfereji wa Cavour, uliofunguliwa 1866, zaidi ya kilomita 80, watoka Po pale Chivasso. Po ikikauka, kama 2022, hakuna mkulima anayelala.

Zamani palizi ilikuwa ya wanawake, mondine, kutwa miguu majini na mgongo umepinda. Usiwaonee huruma tu: ni wao waliogoma hapo Vercelli mpaka mwaka 1906 wakapata siku ya kazi ya saa nane, Wataliano wengi wakiwa bado waiota. Mama mkwe wa jirani yangu alipalilia akiwa msichana. Vidole vyake vya miguu sitavisahau.

Chakula: panissa ndiyo fahari yao, mchele na maharagwe, ila ndani mna soseji ya nguruwe na shahamu yake. Usionje kabla ya kuuliza. Mie niliipika kwa nyama ya ng'ombe ya kukausha, majirani wakaramba sahani, sikuwaambia kilichopungua. Nyama ya halali iko mjini kwa Wamoroko. Na vyura, ndiyo, chura wa jarubani, wa kukaanga. Mume wangu alijaribu. Alilala kochini.

Baridi usiiogope miezi hiyo: Mei usiku ni ubaridi tu, Juni na Julai ni joto la jasho kama Machi yetu. Ukungu ni wa Novemba.

Kijana_wa_Garsen
Huku Tana Wapokomo hulima mpunga kwa maji ya mto yanayosukumwa na bahari ikijaa, bila mfereji wa mtu. Hao wenzetu hupandikiza miche?

MamaShela
Zamani walipandikiza, hao hao wanawake. Sasa ni trekta yamwaga mbegu, wengine hata juu ya udongo mkavu, maji baadaye.

Mpishi_wa_Mayungu
Shukran sana mama. Mamangu akiiona risoto husema, "Mashendea haya, mpishi kachoka." Sasa nitamwambia kuna mkoa mzima waishi kwa mashendea. Na Kitaliano je? Na nimpelekee bibi zawadi gani?

MamaShela
Kitaliano chako kitatosha, ila wazee wakianza Kipiemonte chao kaa ucheke wakicheka. Zawadi, ukwaju na iliki. Mbu wa huko hawana malaria, Italia ilitangazwa kuwa imeimaliza 1970, lakini wanauma kama wana deni lako. Chandarua ubebe.