Mashua ya jioni mpaka Ngome Kongwe: nani ameshaona michezo ya Wagiriki wa kale?

Nahodha_Mangapwani

Asalaam aleikum ndugu zangu.

Nina mashua ya tanga na mashine, inachukua watu kumi na sita, naiweka Mangapwani. Kazi yangu ni kuchukua wageni alasiri, tunakwenda mpaka jua linapozama, tunarudi. Mwezi uliopita alipanda bibi mmoja wa Kigiriki, mtu mzima, pamoja na mumewe. Jua lilipotua wenziwe wakapiga picha, yeye akaniuliza, "Sasa unatupeleka kuona nini?" Nikamwambia tunarudi, mama. Akashangaa kweli kweli. Akanieleza kwamba kwao wakati wa joto watu wa Athens hupanda boti jioni, wakavuka ghuba mpaka Epidaurus, wakatazama mchezo wa kale kwenye ukumbi usio na paa, na boti ikawarudisha usiku wa manane.

Tangu siku hiyo wazo halijanitoka. Ngome Kongwe tunayo hapa Mji Mkongwe, Unguja, na ndani yake mna ngazi za mawe za kukalia watazamaji. Watu wanaijua kwa ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, na kwa tamasha la muziki wa Sauti za Busara, ambayo ilianza pale 2004. Ukishuka Forodhani unavuka bustani na barabara, umefika. Na sitaki iwe ya wageni peke yao. Nafasi sita kila safari nitaziweka za wenyeji kwa bei ya mwenyeji, na watoto wa skuli wawemo.

Nauliza: aliyefika Epidaurus atueleze mambo yanavyokwenda. Na mchezo gani wa wale watu wa kale utaingia katika nyoyo za watu wetu, ukichezwa kwa Kiswahili?

Baharia_Mstaafu

Waaleikum salaam, nahodha. Mimi nimefika. Meli yetu ya mizigo ilikaa Piraeus, bandari ya Athens, wiki tatu ikitengenezwa, na mhandisi wetu, Mgiriki, akaninunulia tiketi.

Tuliondoka jua bado kali. Kulia tukakiacha kisiwa cha Salamis, kushoto cha Aegina. Baada ya saa mbili hivi tukafunga kamba kwenye bandari ndogo ya Epidaurus ya kale, na hapo mabasi yanangoja, maana ukumbi wenyewe uko bara, katikati ya misonobari, penye magofu ya mahali walipokuwa wakitibiwa wagonjwa zamani. Mchezo unaanza saa tatu usiku. Wanawake waliovaa viatu vya visigino waliambiwa wavivue, visije vikaharibu mawe.

Ukumbi ni wa karne ya 4 K.K. Safu 55, watu kiasi cha 14,000. Mimi nilikaa karibu na juu kabisa, jiwe bado lina moto wa jua la mchana. Hapana kipaza sauti, na mtu akizungumza kule chini unamsikia kama yuko ubavuni mwako. Watafiti wa chuo cha Georgia Tech, Marekani, walieleza 2007 kwamba zile safu za mawe ya chokaa huchuja ngurumo nzito, mfano mvumo wa upepo na minong'ono ya watazamaji, zikaacha sauti za waigizaji zifike juu. Kwa hiyo nakuomba sana, nahodha, usikubali mtu akujazie Ngome maspika. Kuta zile nene zinakinga upepo, na nafasi ni ndogo. Sauti ya mtu itatosha.

Usiku ule walicheza Waajemi, wa Aeschylus, ulioonyeshwa mara ya kwanza 472 K.K. Habari yake ni vita vya majini vya Salamis vya 480 K.K., pale pale tulipopita jioni! Lakini aliyeandika ni Mgiriki na wanaolia jukwaani ni maadui zake. Mama wa mfalme yuko nyumbani, hajui kitu. Anakuja mjumbe, anaanza kutaja waliokufa, jina baada ya jina. Kigiriki sikijui, nilisoma maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa kwenye kioo pembeni, lakini ilipofika yale majina niliacha kusoma. Nilikuwa Nungwi Septemba 2011, nikitoa majini miili ya watu wa Spice Islander, meli iliyozama ikienda Pemba. Majina nayajua yanavyosikika yakisomwa hivyo.

Kurudi, boti nzima kimya. Tuliwasili saa nane usiku na hakuna aliyelala.

Mwalimu_wa_Wete

Baharia, Mwenyezi Mungu akulipe kwa kazi ile. Skulini kwetu Pemba kulikuwa na madawati yaliyobaki matupu mwezi ule.

Kwa sababu hiyo hiyo, nahodha, huo wa Waajemi usianze nao. Watu wetu wakipanda chombo usiku wana yao moyoni. Anza na Antigone, wa Sophocles. Ndugu wawili wameuana vitani. Mfalme Creon anaamuru mmoja azikwe kwa heshima, na mwingine, Polyneices, aachwe juani aliwe na ndege na mbwa, kwa kuwa alikuja na jeshi la kigeni kuupiga mji wake. Dada yao, Antigone, anakwenda kumfunika kwa udongo, akijua atauawa.

Wazungu wengi hufundishwa mchezo huu kama ugomvi wa sheria na dhamiri. Nimewasomea kidato cha tatu kwa Kiswahili changu mwenyewe, na hakuna aliyehitaji kuambiwa ugomvi ni wa nini. Kuzika maiti ni faradhi ya kifaya. Asipozika mtu hata mmoja, dhambi ni ya mji mzima. Msichana mmoja wa Konde alisimama akauliza, "Wazee wa mji walikuwa wapi?" Na hao wazee wamo! Ndio kundi la waimbaji, enzi za Sophocles walikuwa kumi na tano, wanasimama wanaona kila kitu, wanaimba, wanamwogopa mfalme. Wape vijana wanaojua kupokezana kasida na dufu, watakuelewa mara moja. Waigizaji hawahitajiki wengi: Wagiriki walitumia watatu tu, wakibadilisha vinyago.

Juu ya majina ya miungu yao, yanaweza kubaki. Ni habari za watu wa kale na imani zao, na mtazamaji wetu anajua kutofautisha.

Na jambo la mwisho: maboya kumi na sita kwa watu kumi na sita, na kila mtu avae kabla ya nanga kung'oka. Usimwonee mtu haya.

Bi_Mkunazini

Nahodha, mimi nakaa dakika tano kutoka Ngome. Mchezo uanze baada ya Isha, saa mbili na nusu, adhana ziwe zimekwisha pande zote. Na chagua usiku wa mwezi mpevu, kuta zile mbalamwezi ikizipiga, mashallah, hutataka taa.

Nahodha_Mangapwani

Nimewasoma mara mbili, ahsanteni. Baharia, nimekuelewa. Mwalimu, maboya ninayo na yatavaliwa.

Dada wa Mkunazini, saa mbili na nusu ndiyo. Ila mwezi mpevu hapana, na nieleze. Siku ya kumi na nne na ya kumi na tano ya mwezi mwandamo ni bamvua, maji makubwa. Maji yanajaa kiasi cha saa kumi alasiri, na saa nne usiku, watu wakitoka Ngome, yamekupwa mpaka mbali. Mashua imepwelewa, na mimi nina wazee na watoto wa kutembeza kwenye matope usiku. Yule bibi wa Kigiriki alishangaa nilipomwambia bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya kimo cha mtu. Yao inatikisika tu.

Nimehesabu, na jibu ni siku ya saba na ya nane ya mwezi mwandamo. Hayo ni maji mafu, hayapandi wala kushuka sana, na yanajaa kiasi cha saa tatu na nusu mpaka saa nne usiku, wakati ule ule tunaoutaka. Kihori, kile kidau cha kushushia watu, kitafika mchangani kabisa. Na mwezi upo! Nusu yake, lakini jua likizama uko utosini, na hautui mpaka karibu na saa sita. Tutaondoka Mangapwani saa kumi kwa mashine, tutafika Forodhani Magharibi, watu waswali, wale, wavuke barabara. Kurudi nitazima mashine. Upepo wa kusi utakuwa nyuma yetu, nitatweka tanga, watu wakae kimya kama alivyosema Baharia.

Kusi kali siligusi na abiria. Nasubiri demani, kusi ikilegea. Siku ya nane ya mwezi mwandamo ujao nakwenda mwenyewe na mabaharia wangu wawili, chombo kitupu, saa zile zile, nipime kina pale Forodhani kwa pondo.

Mwalimu, hicho Kiswahili chako cha Antigone, kiko kwenye daftari? Nikimpa mtu wa boti ya Mkoani nauli, unaweza kuniletea nakala?