Tupeane uzoefu: mkubwa wa shule akimdharau mtoto kwa kabila lake, mlimfikisha wapi?

Mama_wa_Katuba:
Jamani, hapa Lubumbashi tunajua kulalamika. Tunalalamika kilioni, sokoni, hata kwenye foleni ya maji. Mtoto akirudi akisema prefe, mkuu wa sekondari, amemwambia "rudini kwenu Kasai", tunapandisha sauti uani, kisha kesho asubuhi tunamvalisha tena shati jeupe na buluu yake na kumrudisha kwa mtu yule yule.

Leo sitaki tuhesabu matusi, tunayajua. Mtuambie mlimfuata nani, alijibu nini, na mkubwa yule yuko wapi sasa. Nasema wenye kiti: mkurugenzi, prefe, mkubwa wa nidhamu, kamati ya wazazi, watu wa koordinasyo (ofisi ya dini inayosimamia shule zake). Mwanafunzi akimtukana mwenzake, hiyo ni kesi nyingine. Majina ya shule na ya watoto tuyaache.

Naanza mimi. Siku ya kufukuza wasiolipa, mkurugenzi wa kike alipanga watoto mistari miwili. Watoto wetu wa asili ya Kasai akawaweka pembeni, akasema mbele ya shule nzima: "Hawa wanaoshuka na treni kila siku, wazazi wao wanajua kuzaa tu." Watoto wangu wamezaliwa hapa, baba yao kazaliwa hapa. Nikaenda kwa rais wa kamati ya wazazi. Akanikaribisha vizuri, akanipa kiti, akaniambia mama mkurugenzi ana moyo mzuri ila mdomo haumsikii. Baadaye nikajua ni shemeji yake. (Kamati nyingi hapa ziko hivyo: zinakaa na shule kupanga pesa, siku ya kusimama na mzazi zina dharura.)

Basi nikaandika barua kwenda sudivizyo, ofisi ya elimu ya eneo letu, kopi kwa shule, na kopi yangu nikadai ipigwe muhuri wa kupokelewa. Hapo ndipo mambo yalibadilika. Akatakiwa aeleze kwa maandishi. Aliandika kwamba nilimsikia vibaya. Mwisho wa mwaka akahamishiwa shule nyingine, akiwa mkurugenzi vile vile. Watu walinipongeza. Mimi sikuona cha kupongezwa: hamisho linawapa watoto wa wengine shida yangu.

Mzee_wa_Likasi:
Mama, pole. Mimi nilikuwa sekondari Likasi mwaka 1992. Wale wa umri wangu wanakumbuka mimbari za kisiasa za Katanga wakati ule, Wakasai wakiitwa bilulu, yaani wadudu, na familia zikilala kituo cha treni wiki juu ya wiki zikingoja mabehewa ya kwenda Mwene-Ditu na Kananga. Wengi hawakufika.

Kitu kimoja hakisemwi sana. Kabla ya vijana kuja mtaani, shuleni kwetu mtu alipita darasani na daftari akiuliza kila mmoja baba yake anatoka zone gani. Hakuwa mhuni wa barabarani. Alikuwa mtu wa ofisi ya shule, amevaa tai. Walimu wetu Wakasai waliondoka, na mwalimu wa hesabu hatukumpata mwingine mwaka ule. Kwa daftari lile sijasikia mkubwa yeyote wa shule aliyeitwa kujibu. Wengine walistaafu kwa sherehe.

Kwa hiyo nikisikia prefe wa leo anauliza mtoto "kwenu ni wapi hasa?", sicheki.

Maman_Kolwezi:
Aksanti ba ndugu. Miye niko na mutoto wa baba Mushinwa (Muchina), ule baba alisharudia kwao. Masomoni directeur njo anamuitaka "Kontena". Haiko batoto, ni yeye mukubwa. Batoto balisikia, nabo banafwata. Nilienda kumuona, akacheka, asema ni mapendo. Sijaandika barua. Nangojea bulletin ya alama itoke kwanza.

Baba_Ruashi:
Maman Kolwezi ana akili. Mnaoandika barua mna watoto wangapi mwaka wa sita? Mkubwa wa nidhamu ana alama za mwenendo mkononi, prefe ndiye anayesaini faili la mtihani wa Serikali. Unashinda kesi, mtoto anaanguka. Miye nilimwambia wangu: soma, nyamaza, pata diplome, toka.

Mama_wa_Katuba:
Papa, sikulaumu. Lakini kunyamaza nako kuna bei, na anayeilipa ni mtoto. Wa kwangu mmoja aliacha kunyoosha mkono darasani.

Mtetezi_Kamalondo:
Mimi ni mtetezi wa mahakama, nawapa silaha fupi. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 13: Mkongomani asibaguliwe katika elimu kwa ajili ya asili ya familia yake, rangi, kabila au lugha. Kifungu cha 45 kinasema wazi kuwa shule za taifa ni za wote bila kuangalia mtu ametoka wapi. Tena iko ordonansi-sheria namba 66-342 ya 7 Juni 1966, inayoadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila, kwa maneno, kwa ishara au kwa maandishi. Wakubwa wengi wa shule hawajawahi kuisikia, ingawa ina umri kuwashinda. Kwa watoto Wambuti na Batwa kuna pia sheria ya 15 Julai 2022. Itajeni namba kwenye barua. Mtu wa ofisi akiona namba, anakaa sawa. Na mkizungushwa, kopi moja ifike CNDH, tume ya taifa ya haki za binadamu. Kupokea malalamiko ni kazi yake.

Familia_ya_Minembwe:
Nilisita kuandika hapa. Sisi ni Banyamulenge, Watutsi wa Kivu Kusini, tuko Lubumbashi miaka mingi. Baada ya Goma kuanguka mikononi mwa waasi wa M23 wanaosaidiwa na Rwanda, mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, nyumba yetu ilianza kuogopa redio. Kijana wangu naye akaanza kuogopa shule. Prefe alimsimamisha kwenye salamu ya bendera, akamwambia aimbe wimbo wa taifa peke yake, "tuone kama unaujua". Aliuimba wote. Prefe akasema: "Hata majasusi wanafundishwa."

Sikwenda peke yangu, ningeonekana natetea ya kwangu. Aliyeandika barua ni jirani yangu Muluba wa Katanga, ambaye binti yake alikuwa kwenye mstari ule na alirudi nyumbani analia. Wazazi wengine wakasaini, Wabemba, Wakasai, mmoja mke wa askari. Shule ni ya konvensyone, yaani ya dini yenye mkataba na Serikali, basi barua ikaenda koordinasyo, kopi kwa proved, mkuu wa elimu wa mkoa. Walituma watu, wakawauliza wanafunzi mmoja mmoja bila prefe kuwepo. Hilo nawapongeza. Akavuliwa uprefe, akarudishwa kushika chaki. Kuomba radhi hakuomba. Kijana nimemhamisha hata hivyo; wenzake waliendelea kumwita jasusi, na neno hilo hakuna barua iliyoweza kulifuta.

Inspekta_mstaafu:
Nimesoma yote. Nilikaa upande wa pili wa meza, nawaambia mafaili yanavyokufa. Yanakufa kwa sababu mzazi ameandika "anatutesa, ni mkabila". Mkubwa anakana, basi imekwisha. Andika siku, saa, mahali, nani alikuwepo, na maneno yenyewe kama yalivyotoka, kama ni Kiswahili acha Kiswahili, usiyageuze Kifaransa cha heshima.

Mama wa Katuba, hapa tunatofautiana kidogo: msianze kwa kudai afukuzwe. Daini jibu la maandishi. Mkubwa akishaandika mara mbili kwamba "alisikiwa vibaya", wa tatu akija na barua yake, faili linajisemea lenyewe. Ndiyo maana hamisho linaponza: mara nyingi faili linabaki nyuma, mtu anafika kule msafi. Mama, nenda sudivizyo ya shule yake mpya ukaache kopi ya barua yako.

Baba_Ruashi:
Na nikiandika bila jina?

Inspekta_mstaafu:
Ya bila jina inaishia kwenye droo. Saini na wengine, jina lako liweke katikati ya orodha.

Baba_Ruashi:
Tuko wazazi wanne hapa karibu na soko la Ruashi. Mtetezi, hiyo namba ya 1966 iandike tena vizuri.