Mjadala: Swali la mwanafunzi tulijibu lote, au tumrudishe kitabuni?

Mleta mada, Buhongwa

Wakuu wa Mwanza na kanda nzima ya ziwa, salaam. Naomba hili tulitoe hadharani maana kwenye kundi letu la simu limeshaleta maneno.

Kila jioni, kuanzia saa moja hivi, zinaanza kuingia picha za madaftari. Kidato cha tatu, cha nne, mara mojamoja cha sita. "Mwanamke ni kiumbe duni. Jadili kwa kutumia tamthiliya mbili ulizosoma." "Eleza sababu sita za kushindwa kwa Vita vya Maji Maji." Salamu hakuna, au ipo "shikamooni, naombeni msaada" halafu picha tatu zenye kivuli cha kidole. Wiki iliyopita mmoja wetu, msomi wa kweli, alimwaga insha nzima: utangulizi, hoja, hitimisho. Mwingine akamfokea kwamba anaua elimu. Mtoto akaandika "asante sana" akajitoa kundini. Jibu kaondoka nalo, ugomvi katuachia sisi.

Msimamo wangu: ajibiwe. Hii ya "nenda kasome kitabu" siiafiki, kwa sababu anayeisema mara nyingi hajui hata kama hicho kitabu kipo shuleni kwa mtoto. Ila lile jibu nalo lilinikera, na si kwa sababu lilikuwa refu. Lilisema mwanamke amechorwa kama mama mlezi, kama chombo cha starehe, kama mtu asiye na maamuzi, kama mtu jasiri. Nani humu hajawahi kuandika hayo? Niliyaandika mimi, aliyaandika dada yangu aliyenitangulia, na tamthiliya zetu zilikuwa tofauti kabisa. Futa jina la kitabu, weka jingine, jibu bado limesimama. Kwangu jibu la namna hiyo si jibu, hata likiwa na kurasa nne. Anayejibu ajibu kitu kisichohamishika kutoka kitabu hiki kwenda kingine.

Karibuni mnipinge.

Ticha wa Historia, Igoma

Nakupinga nusu. Nyie mnajibu jioni, anayesahihisha ni mimi. Nilitoa hilo swali la Maji Maji nikaletewa madaftari: silaha duni, kukosa umoja, kuamini maji, njaa, kukosa uongozi mmoja, nguvu za Wajerumani. Mpangilio uleule. Hata kosa lilelile: vita vimeanza 1950 badala ya 1905. Aliyejibu kidole kiliteleza, darasa zima likateleza naye.

Na hilo la kuhamishika, kwenye historia ndiyo limezidi. Hoja hizohizo mtoto akiulizwa Wahehe anazileta. Akiulizwa Wanandi wa Kenya, anazileta. Sasa Wahehe wa Mkwawa walimuua kamanda von Zelewski pale Lugalo Agosti 1891 na kuteka bunduki za Wajerumani. "Silaha duni" peke yake itaelezaje siku ile? Kwenye darasa langu hajawahi kujiuliza mtu, kwa sababu jibu lilikuja limeshafungwa.

Lakini na nyie mnaosema "wafundishwe kufikiri" mnisikilize. Swali linataka hoja sita. Mtoto aliyefikiri akaja na tatu nzito anapata chini ya aliyekariri sita nyepesi. Mwezi wa kumi na moja una mtihani wa taifa, na matokeo yakitoka mabaya mzazi anakuja ofisini kwangu, haji kwenye makundi yenu. Kwa hiyo ombi langu ni dogo: msimjibu mpaka akuambie yeye amesoma nini. Akinyamaza, nyamazeni.

Mama Wawili, Kirumba

Mwalimu, nakuheshimu, lakini hapo pa "nyamazeni" umenigusa.

Mimi nauza dagaa Mwaloni. Shule niliishia la saba. Mkubwa wangu yuko kidato cha tatu, na kitabu cha fasihi wanapeana zamu darasani. Zamu yake ikifika anakisoma usiku, na akifika katikati kimeshatakiwa na mwenzake. Hilo swali lako la Maji Maji analo hapa mezani, la kuwasilisha Jumatatu. Aniulize nini mimi? Nitamwambia nini?

Watoto wa Capri Point wana ticha anawafuata nyumbani jioni, anakaa nao, anawaonyesha hoja moja baada ya nyingine, analipwa, anaondoka. Hiyo inaitwa tuisheni na wote mnaisifia. Wa kwangu akiomba bure kwenye simu ya mama yake, ndiyo mnakumbuka kwamba elimu inauawa. Kama kujibu ni dhambi, basi tuanzie kwa wanaolipisha.

Steshenari, Nyakato

Mimi nitasema ninachokiona dirishani. Vijitabu vya uchambuzi vinatoka kila siku. Riwaya yenyewe inakaa mpaka jalada linapauka na jua. Mtoto anaingia ananiambia, "Kaka, nipe kile chenye maswali na majibu nyuma." Nilimuuliza mmoja kwa nini asinunue kitabu chenyewe, akaniambia kitabu chenyewe hakina majibu.

Sina la kuongeza. Nauza vyote.

Mwaka wa Pili, Malimbe

Wakati nyie mnabishana nani ajibu, madogo wameshahamia kwenye programu za akili mnemba. Mdogo wangu alipiga picha swali la riwaya, jibu likaja kwa sekunde chache, Kiswahili kimenyooka, na ndani yake kuna mhusika ambaye kwenye riwaya hayumo. Hayumo kabisa. Kapewa mpaka tabia na migogoro yake. Dogo aliandika vyote.

Kwa hiyo mkikataa kujibu, msidhani anarudi kitabuni. Anaenda kwa anayejibu bila kusoma.

Kijana wa Nansio

Nimefuatilia kimya, sasa niseme kuhusu hilo la "mwanamke kiumbe duni", maana sisi Ukerewe tuna jibu lake na hakuna anayetuuliza.

Mzee Aniceti Kitereza, aliyeishi Kagunguli, alimaliza riwaya yake mwaka 1945. Aliiandika kwa Kikerewe. Akakosa mchapishaji, miaka ikapita, ikabidi aifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, na yeye akafariki mwaka uliofuata. Habari yenyewe ni ya mume na mke, Myombekere na Bugonoka, waliokaa bila mtoto. Ndugu wa mume wanamsema mke, wazazi wa mke wanakuja kumchukua binti yao. Sasa kwa orodha yenu ya hoja, hapa mwanamke angekuwa ameshaandikwa "duni", habari imekwisha. Lakini Myombekere anamfuata mkewe ukweni, anabeba aibu yake mwenyewe, anahangaika na pombe ya ndizi aliyotakiwa kuipeleka ili arudishiwe mke. Na baba mkwe anayemdai siyo mkatili, ni mtu anayelinda heshima ya binti yake.

Huyo mwanamke tumweke kundi gani? Mama mlezi hapo bado hajawa, mtoto hana. Chombo cha starehe siyo. Hana maamuzi? Msome uone. Hapo ndipo mleta mada nakuelewa: ukimjibu mtoto kwa kutumia kitabu ambacho umekisoma kweli, orodha inakukatalia yenyewe.

Shida ni kwamba kitabu ni kinene na sijawahi kuona mtihani wa kidato cha nne unakitaka. Kisipotakiwa na mtihani, hata huku kisiwani wa kukisoma ni wa kuhesabu.

Mzee wa Pamba, Magu

Wanangu, habari za jioni. Naona mnataja Maji Maji. Mimi siyo mwalimu, ni mkulima, lakini kuna jambo wajukuu zangu hawajaulizwa na ningependa waulizwe.

Kule kusini, Umatumbini, vita vilianza Julai 1905 kwa watu kung'oa pamba. Walilimishwa kwa nguvu mashamba ya jumbe, malipo hakuna ya maana. Sawa. Pamba hiyohiyo huku kwetu Usukumani imesomesha watu, imejenga nyumba za bati. Kwa nini zao moja kule lilizaa vita na huku likazaa ushirika? Hilo kwenye kijitabu cha steshenari lipo?

Huku kwetu ugomvi ulikuwa kwenye mizani. Baba alikuwa akisimulia: unafika na pamba yako kwa mnunuzi, unajua kabisa uzito wake kwa kubeba mgongoni, mizani inakuambia kingine. Wakulima wakaanza kujipanga wapate watu wao wa kusimamia upimaji. Ndiyo hao kina Paul Bomani, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Fedha. Mwaka 1955 vyama vikaungana vikawa Victoria Federation, kikawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika Afrika, kina viwanda vyake vya kuchambulia pamba. Halafu 1976 serikali yetu wenyewe ikavunja vyama vikuu vyote vya ushirika, na sheria ya kuvirudisha ikaja 1982. Kwa nini vilivunjwa? Hapo mtaniuliza ana kwa ana, siandiki.

Ninachosema: mtoto akiulizwa hilo, jibu hawezi kulinakili. Itabidi aje kwetu wazee. Na sisi tukimjibu, hamtasema tumemuua elimu.

Ticha wa Historia, Igoma

Shikamoo mzee. Hilo swali nimelichukua, nitalitoa muhula huu. Nikijaliwa nitaomba na wewe uje darasani, nauli tutachangishana.

Ila nikuulize kwa heshima: wajukuu wako wakija wote kwako, ukawasimulia haya uliyoandika hapa, si nitaletewa tena madaftari yaliyofanana? Mizani, Bomani, 1955, 1976. Nami nitasahihisha mizani, Bomani, 1955, 1976.

Mzee wa Pamba, Magu

Marahaba mwalimu. Waambie waende kwa wazee tofauti. Sisi wenyewe hatukubaliani. Jirani yangu alikuwa karani wa chama cha msingi, ukimsikiliza yeye 1976 ilikuwa halali kabisa, vyama vilishajaa wezi. Mimi nasema walituibia kitu chetu. Mtoto akae kati yetu sote wawili, halafu aandike.

Mama Wawili, Kirumba

Wabheja sana mzee. Nimeyasoma kwa sauti, mtoto amesikiliza mpaka mwisho na kaacha simu chini, jambo la ajabu.

Lakini Jumatatu bado iko palepale. Yeye ana Maji Maji, hana mizani. Mleta mada, ulisema ajibiwe. Mjibu.

Mleta mada, Buhongwa

Haya, mama. Namjibu hapahapa, na ticha aone.

Mwambie aanze na njaa. Kwenye ile orodha ya sita njaa imekaa kama ukame, kama kitu kilichoshuka tu kutoka mbinguni. Sivyo. Wajerumani waliona hawatawamaliza watu kwa kuwafuata porini, wakachoma vijiji, wakachoma mashamba na maghala ya chakula. Waliokufa kwa njaa ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Kwa hiyo njaa aihamishe, aitoe upande wa udhaifu wetu aiweke upande wa mbinu za adui. Hiyo hoja moja aiandikie ukurasa.

Halafu aende kwenye maji. Kinjikitile, mganga aliyewapa watu dawa ya maji, alinyongwa na Wajerumani mwanzoni mwa Agosti 1905, vita bado vibichi. Mapigano yakaendelea mpaka 1907. Kama imani ya maji ndiyo iliyowaponza, na watu waliona mapema kwamba risasi haigeuki maji, kwa nini waliendelea karibu miaka miwili? Simpi jibu la hilo. Namwambia tu kwamba yale maji yalikuwa yamewaunganisha watu wa makabila mengi waliokuwa hawajawahi kupigana upande mmoja, kisha aangalie tena ile hoja ya "kukosa umoja" aone kama inakaa sawa karibu na hii. Mimi naziona zinagombana. Yeye aamue ipi ina nguvu na aseme kwa nini.

Hapo ana mbili, na ya tatu inaanza kuota. Silaha azungumzie kwa kutaja silaha gani dhidi ya gani, bunduki za gobori na mikuki mbele ya bunduki za rasharasha, asiandike "duni" halafu akaishia hapo. Zilizobaki akae na kitabu zamu yake ikifika. Akikwama anitumie sehemu aliyokwama, siyo swali zima. Nitajibu hata saa sita usiku, siyo tatizo.

Kuhusu ombi la ticha la kunyamaza mpaka mtoto aseme amesoma nini: sikubali. Aliyekosa kitabu atasema nini? Ataogopa, ataondoka, na Malimbe ameshatuambia anakoenda.

Ticha wa Historia, Igoma

Nimeona. Akiniletea hivyo nitafurahi, na hoja ya njaa nitampa alama zote.

Ila mama, mwambie afikishe sita. Swali linasema sita, na mimi swali hilo sikulitunga, nimelikuta kwenye mitihani iliyopita.

Steshenari, Nyakato

Ticha, hilo la pamba ukishalitoa, nidokeze mapema ni lini. Wakianza kuja kulitafuta niwe na la kuwaambia.

Mzee wa Pamba, Magu

Waambie waje Magu.