Tupeane uzoefu: ulienda Nane Nane "kuona wanyama tu", kikakukuta nini?

Mkulima wa Jioni
Wakuu, za jioni. Leo nimepita Nzuguni, viwanja vya sikukuu ya wakulima ya Nane Nane hapa Dodoma, nikaona mafundi wanapigilia mabati kwenye mabanda na vipando vya mahindi vimeshafika magotini. Nikacheka peke yangu ndani ya daladala mpaka konda akaniangalia.

Nimekumbuka mwaka niliotoka na mama watoto "kuona ng'ombe tu, saa nane tumerudi". Tulirudi saa mbili usiku, tumebanana kwenye bajaji na beberu wa Boer. Shamba sina. Zizi sina. Tulikuwa tumepanga chumba na sebule. Yule beberu alianza na pazia, akaja kadi ya mchango wa harusi, siku ya tatu akala mkataba wa kupanga. Mwenye nyumba aliposikia akasema vizuri sana, kama mkataba haupo basi hama.

Karibuni.

Mama Majogoo
Jina langu hapa mmekuwa mnaniuliza limetokana na nini. Ni hii hii Nane Nane.

Nilinunua vifaranga 50 wa Kuroiler kwenye banda moja. Kijana amevaa koti jeupe kama daktari, ananiapia, "Mama, hawa ni mitetea watupu, miezi mitano unaokota mayai." Nikalea kwa jiko la mkaa lililofunikwa chungu. Naamka saa saba, saa tisa, saa kumi na moja: wakijikusanya katikati wanasikia baridi, wakikimbilia pembeni joto limezidi. Chanjo zote nilimaliza. Watoto wangu wa kuzaa sikuwahi kuwaamkia hivyo.

Wiki ya saba naona panga za vichwani zinawaka nyekundu. Nikajipa moyo, labda ni afya. Wiki ya kumi mmoja akanyoosha shingo akawika. Akajibiwa. Akajibiwa tena.

Waliopona walikuwa 43. Majogoo 39. Ikifika saa kumi alfajiri wanapokezana kama walinzi. Jirani hakuja mwenyewe, alikuja na balozi wa nyumba kumi.

Tone Moja Jichoni
Ulipigwa, mama. Kifaranga wa siku moja jinsia yake haijulikani kwa kumtazama tu, lazima awe mtu aliyefundishwa. Mtu akikwambia "mitetea watupu" sokoni, ongeza hatua.

Shamba Boy Msomi
Si angebaki na ile mitetea minne iatamie, aanze upya?

Tone Moja Jichoni
Kuroiler kuatamia ni bahati nasibu mkuu. Na hata ukipeleka mayai kwenye mashine, watoto hawatafanana na wazazi kwa kukua wala kwa kutaga, kwa sababu yule ni chotara. Na mlioko vijijini na kienyeji wenu, chanjo ya kideri (Newcastle) ya matone ni kila baada ya miezi mitatu, tone moja jichoni. Mnangoja kuku wasinzie ndiyo mnakuja hapa kuuliza dawa.

Shamba Boy Msomi
Nimeuliza swali moja nimepewa semina.

Kamba Sikuachia
Mimi sikwenda kuangalia wanyama, nilikuwa upande wa pili wa kamba.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha mifugo, nikakabidhiwa dume la Friesian nimpitishe mbele ya mgeni rasmi. Wiki mbili nzima nimemzoesha kutembea. Nimemwogesha, nimemkata kwato, ncha ya mkia nimeichana kwa kitana changu mwenyewe. Tulimzoesha kila kitu isipokuwa matarumbeta.

Tumefika mbele ya jukwaa kuu, nimevaa ovaroli jeupe la kuazima, mama yangu yuko upande wa kulia na khanga mpya. Bendi ikaanza. Ile tarumbeta kubwa ilipolia "buuu" dume lilidhani ni dume mwenzake. Likageuka. Mkufunzi alikuwa ametuambia asubuhi, "Ukiachia kamba umefeli." Basi sikuachia. Nimepita kipando cha vitunguu kwa tumbo, cha alizeti kwa ubavu, cha nyanya sikumbuki nilipita kwa nini. Nyuma nasikia mshereheshaji anatangaza, "Na sasa mnaona nguvu ya mbegu bora."

Lilisimama lenyewe kwenye kipando cha malisho, likaanza kula taratibu kama hakuna kilichotokea. Nami nimelala pembeni, kamba mkononi. Mama alifika wa kwanza. Hakuniuliza kama nimeumia. Aliuliza lile ovaroli ni la nani.

Zizi la Kongwa
Dume la maziwa kamwe usimtembeze kwa kamba ya shingo. Pete ya pua! Bora hata Boran, dume wa Friesian ni mkorofi kuliko anavyoonekana.

Kamba Sikuachia
Pete alikuwa nayo. Alikwenda nayo.

Zizi la Kongwa
Basi mlimfunga vibaya.

Kamba Sikuachia
Ulikuwepo?

Kisamvu cha Nazi
Hahahaha "nguvu ya mbegu bora". Mimi maonyesho ya mwaka huo niliyaona, nadhani nilikuwepo, kuna kijana alifagia vitunguu.

Mwalimu wa Sarufi
Ni MAONESHO. Tunaona, tunaonesha, maonesho. "Onyesha" chimbuko lake ni kuonya. Hamkwenda kuonywa.

Kisamvu cha Nazi
Mwalimu, umekuja kusimulia au kusahihisha madaftari?

Mama Majogoo
Mimi binafsi nilionywa. Yaliyonikuta ni maonyo kabisa.

Baridi ya Uyole
Nyie mnasimulia kuku na vitunguu. Ngojeni.

Mbeya, viwanja vya John Mwakangale, 2023. Mwaka ule Nane Nane ya kitaifa ilifanyika kwetu, watu kama siafu. Nilikwenda na mchumba wangu pamoja na mdogo wake wa darasa la nne. Mchumba huyo sasa ni mke wa mtu, msiniulize.

Kulikuwa na banda la mtu binafsi la nyoka. Unalipa, unawekewa chatu shingoni, unapigwa picha. Mimi nilitaka kupita. Mchumba akasema, "Wewe huwezi." Mnajua neno hilo linavyofanya kazi kwa mwanaume. Nikaweza.

Chatu ni mrefu kuliko kitanda, uzito kama kiroba cha sembe cha kilo kumi. Jamaa akanielekeza: mkono huu shika hapa, huu hapa, usimbane, kichwa usikiguse. Nikasimama, nikatabasamu. Picha ya kwanza hatujapiga, kipaza sauti kikalia, "Mwenye gari dogo jeupe lililoziba njia ya zimamoto, njoo uliondoe sasa hivi!" Yule jamaa akajipapasa mfukoni, akatoa funguo, akanigonga begani.

"Shika kidogo kaka, nakuja."

Akaondoka.

Wakuu, simu inazima. Nitarudi.

Kisamvu cha Nazi
Shika KIDOGO???

Mama Majogoo
We kijana, huwezi kutuacha hivi na chatu shingoni. Rudi.

Mkulima wa Jioni
Chomeka simu mkuu, jukwaa zima linakungoja.

Babu wa Saba Saba
Vijana hamjambo. Wakati wetu sikukuu ya wakulima ilikuwa Saba Saba, siku ilipozaliwa TANU 1954, ndipo baadaye wakulima wakahamishiwa Agosti. Mambo ya kushikishwa nyoka hayakuwepo. Tulikwenda kuangalia ng'ombe wa Mpwapwa na mahindi makubwa, tunarudi.

Shamba Boy Msomi
Shikamoo babu. Na viini macho je? Yule mwanamke mwenye kichwa cha mtu na mwili wa nyoka?

Babu wa Saba Saba
Marahaba. Huyo alikuwepo. Nilimlipia mara tatu.

Mluguru Halisi
Kwa wanyama, Morogoro hakuna wa kutukaribia. Sisi tuna panya buku wa SUA, chuo cha kilimo cha Sokoine, wanaonusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu. Nyie wa Mbeya mna viazi.

Tukuyu Hakukauki
Viazi hivyo hivyo ndiyo chipsi unazokula hapo Msamvu ukisubiri basi. Na kitaifa mlipewa lini? 2022 na 2023 ilikuwa kwetu, 2024 Dodoma.

Ng'wana Bariadi
Kabla yenu ilikuwa Nyakabindi, kwetu Simiyu, miaka mitatu mfululizo. Tulieni.

Mluguru Halisi
Ya Nyakabindi tulikuja. Vumbi lile bado ninalo kwenye viatu.

Mtoto wa Miaka 41
Mnagombana, mimi panya hao ndio walinitenga na mama yangu mzazi. Nilimleta kutoka kijijini, anataka kuona mbuzi wa maziwa. Njiani tukapita kwa panya buku, nikazubaa, kugeuka mama hayupo. Nimezunguka saa nzima, jasho linanitoka, najiuliza nitawaambia nini dada zangu. Mara nasikia kwenye kipaza sauti: "Amepotea mtoto, amevaa shati la bluu, anaitwa baba Neema, ana miaka 41. Mama yake anamsubiri hapa meza kuu."

Nilipofika watu walipiga makofi. Mama kakaa kwenye kiti cha mbele, ana soda mkononi, ananiambia, "Si nilikuambia unishike mkono."

Kisamvu cha Nazi
Nimefunga uzi. Mama ndiye mshindi.

Mama Majogoo
Hujafunga, chatu bado yuko shingoni kwa mtu.

Mche wa Parachichi
Wakati tunasubiri: mkinunua miche ya parachichi, inameni mtazame kovu la kubebesha kwenye shina. Mimi niliuziwa 30 "Hass ya kubebesha, miaka mitatu unavuna". Kovu halikuwepo hata kwenye mmoja. Ilikuwa imepandwa kwa kokwa tu. Mpaka leo kazi yake ni kivuli.

Tone Moja Jichoni
Na nendeni tarehe 3 au 4. Wanyama wameshafika, watu bado wachache, wataalamu wana muda wa kukujibu. Tarehe 8 utaona visogo vya watu.

Zizi la Kongwa
Si kweli. Tarehe 3 nusu ya mabanda bado yanapigwa misumari. Nenda 6.

Mkulima wa Jioni
Nenda 8 jioni. Wanafunga, hawataki kurudi na mzigo, bei inashuka yenyewe. Ndivyo nilivyompata yule beberu.

Mche wa Parachichi
Na ndivyo ulivyohamishwa nyumba.

Baridi ya Uyole
Nimerudi, umeme ulikatika.

Agosti ya Mbeya mnaijua. Nilikuwa na sweta, na juu yake jaketi la zipu. Chatu hana joto lake mwenyewe, huazima. Kama dakika ya tano nikahisi kichwa kinashuka kifuani, kinapapasa. Kinatafuta zipu. Kikaipata.

Kikaingia kichwa, ikafuata nusu mita, akapita chini ya kwapa, akazunguka mgongoni katikati ya jaketi na sweta, akatulia. Mkia bado nimeushika kwa mkono wa kulia kama nilivyoelekezwa. Nje watu wananiona nimevimba tu. Wanapiga picha. Mmoja anauliza mwenzake, "Huyu naye ni wa maonyesho?"

Mwalimu, ndivyo alivyosema, maonyesho.

Niliwahi kusikia chatu hukaza kila unapotoa pumzi. Basi nikawa napumua nusu. Shemeji mdogo analia kwa sauti. Mchumba nikimtafuta kwa macho yuko mbali kabisa, kwenye banda la asali, ameshika simu juu anarekodi. Jina la yule jamaa silijui, nimeita "kaka! kaka wa nyoka!" wakageuka wanaume kama kumi.

Aliyeniokoa ni mama mmoja muuza chai wa pembeni. Alikuja na jiko lake la mkaa linawaka, akalitua karibu na miguu yangu, akanivutia zipu chini taratibu. Akasema, "Tulia mwanangu. Mwache achague mwenyewe."

Zikapita dakika. Kichwa kikatoka. Kikaangalia jiko, kikaniangalia mimi. Wakuu, aliteremka kama kamba ya ndoo kisimani, akajikunja pembeni ya jiko.

Jamaa akarudi baada ya dakika 20, anatafuna chapati. "Umeshapiga picha?" Nikamwambia bado. Akasema basi hapo unaongeza hela, umekaa naye sana.

Tone Moja Jichoni
Hakuwa anakubana, kaka. Chatu akibana windo kwa kawaida halegezi mpaka life. Huyo alikuwa anaota moto kwako.

Baridi ya Uyole
Asante daktari. Ungekuja kuyasema hayo siku ile.

Zizi la Kongwa
Mimi siamini. Chatu haachi joto la mtu akafuata jiko.

Baridi ya Uyole
Ulikuwepo?

Kamba Sikuachia
Huyo Zizi hakuwepo popote na anajua vyote.

Mama Majogoo
Uliongeza hela?

Baridi ya Uyole
Niliongeza. Ningefanyaje, nyoka ni wake.

Kisamvu cha Nazi
Weka video basi.

Baridi ya Uyole
Aliyerekodi ni mchumba. Nimesema msiniulize.

Mgeni Jukwaani 2
Habari wakuu, sijasoma yote. Nataka kupeleka watoto wakaone wanyama. Nane Nane huwa inaanza tarehe ngapi?

Mkulima wa Jioni
Tarehe 1 mkuu, mpaka 8. Usivae jaketi la zipu.