MREJESHO: Tairi za Subaru yangu, hatimaye nimefunga

Wakuu habari za Tanga, nilikuja kuwaulizia tairi za Subaru WRX STI yangu saizi 225/45R17 (upana milimita 225, ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu inchi 17), je nifunge zile laini za treadwear 200 (namba ya kudumu kwa tairi, ikiwa ndogo inaisha haraka) au ngumu kidogo zinazodumu, na wengine mkanishauri nipande rimu 18.

Rimu 18 nimekataa kabisa. Ubavu wa hii yangu ni kama milimita 101, nikienda 225/40R18 unabaki 90 hivi, sasa kwa matuta yetu na vishimo vya huku mitaani Chumbageni hiyo rimu si nitainyoosha kila siku jamani.

Treadwear 200 zinang'ata kona balaa ila zinaisha haraka, na nyingi meno yake ni mafupi, mifereji michache, mvua ya masika ikikukuta barabara ya Segera maji yanainua tairi unaelea tu. Nimechukua za 300, mifereji minne mipana ya kuzunguka, herufi W yaani mwisho wa spidi ya tairi ni kilomita 270 kwa saa (nani atazifika hapa na tochi zilivyojaa!).

Nimenunua zote nne mpya maana gari inavuta magurudumu manne, ukichanganya zilizoisha na mpya difu ya katikati (ile inayogawa nguvu mbele na nyuma) inateseka. Muuzaji alitaka kunipa mbili zimeandikwa 1419, wiki ya 14 mwaka 2019, nikamwambia kaka hizo zimezeeka, zirudishe stoo.

Kwenye kona zinalia mapema kidogo, usukani si mkali kama nilivyotaka. Breki kwenye maji, safi sana.